Vifuniko Vyekundu

Marquette, Michigan
24 Aprili 1988

Baba mpendwa,

Nimefika salama. Barabara ilikuwa na barafu karibu na ziwa, lakini gari halikunisumbua. Nakuandikia kwa sababu wewe na simu hamuivi chungu kimoja. Juzi nilipiga kelele mpaka mama wa ghorofa ya chini akagonga dari yake kwa fagio, na wewe ukanijibu kwamba ndiyo, mvua imenyesha. Basi tuandikiane kama watu wa zamani.

Mshono wa ngiri unauangalia? Daktari alisema usinyanyue kitu kizito mpaka Juni. Injini ya ndege ni kitu kizito, Baba, usijifanye hujui.

Sasa nikuambie nilivyopanga, usije ukahangaika. Uliponiambia "panga upendavyo" nilikuuliza mara tatu, maana sisi wawili tunajua yaliyotokea mara ya mwisho nilipopanga vitu katika nyumba hiyo. Siku zile tisa ulizolala chali nilishinda gerejini. Jamani, Baba! Miaka kumi na moja unajenga ndege, na bolti zake zinakaa kwenye treya za mayai! Bati la keki la Mama limejaa washa, zile pete za chuma za bolti. Chini ya rafu zinaning'inia chupa za chakula cha watoto, kila moja imezungushiwa kwenye kifuniko ulichokipigilia msumari. Nimezimwaga zote. Sasa una kabati la droo sitini, kila saizi na mwenzake, fupi na fupi, ndefu na ndefu, na lebo nimeandika kwa mkono wangu. Bolti zenye udongo mkavu kwenye meno nimeziosha kwa mafuta ya taa na mswaki mpaka zikang'aa. Vifuniko nimeving'oa nikavitupa. Vingine vilikuwa vimepakwa ile rangi nyekundu ya ghala, vibaya hata kuvitazama.

Nilifurahi, Baba. Miaka minne sijasikia sauti yako, halafu nakaa nachambua nati huku nakusikia unakoroma chumba cha pili. Nilifurahi kweli.

Wako,
Lorna


Nordahl, Wisconsin
9 Mei 1988

Mwanangu Lorna,

Samahani kwa herufi kubwa kama za tangazo la mnada. Meza ya gereji inatikisika.

Wiki ya kwanza nilikulaani, nisikudanganye. Natafuta washa, mkono unaenda wenyewe kwenye chupa ambayo haipo. Sasa tumezoeana. Droo ya tatu kutoka kushoto, safu ya pili. Vidole vinajua njia. Jirani yangu Delmar Kopp, yule anayekuja kila siku saa nne kunishikia upande wa pili wa kila kitu, aliingia akavua kofia kama yuko kanisani. Akauliza, "Alvin, hapa tunajenga ndege au tunauza dawa?" Halafu akakaa kwenye ndoo na gazeti lake, akaanza kulisoma kwa sauti utadhani nimemwomba.

Lakini wewe ni mjanja! Asubuhi ile mezani uliniuliza ni kitu gani kinanipungukia. Nikakuambia zile bolti ndefu za kushikia mabawa: nahitaji nane, ninazo nne tu, na mwenye duka la vifaa vya ndege anasema nisubiri mpaka vuli. Wewe ukamimina kahawa tu. Jumatatu nafungua droo, nahesabu: kumi na mbili! Urefu ule ule, alama ile ile ya msalaba kichwani, safi kama zimetoka kiwandani leo. Nilikaa kwenye ndoo ya Delmar nikatoa machozi, na wala sioni aibu kukwambia.

Mama yako alikuwa hivyo hivyo. Anakuwekea zawadi mahali utakapoikuta mwenyewe, halafu anaangalia pembeni.

Baba


Marquette
18 Mei 1988

Baba mpendwa,

Haya, umenikamata. Usiniulize nimezipata wapi. Pokea zawadi yako unyamaze.

Ile sentensi yako kuhusu Mama nimeisoma nikiwa kazini, pale maktaba, nikaisoma tena kwenye gari. Siku ile nilipopeleka nguo zake na kopo lake la vifungo kwenye mnada wa kanisa, uliniambia nimemzika mara ya pili. Miaka minne nimelala na maneno hayo. Sikutegemea kwamba siku moja utanifananisha naye.

Kula vizuri. Jibini na mkate si chakula cha jioni.

Wako,
Lorna


Nordahl
2 Julai 1988

Mwanangu Lorna,

Huku hakuna mvua. Mahindi ya Delmar yamenyauka, yanapiga kelele kama karatasi upepo ukipita. Nyasi za uwanja wa ndege zimekuwa za kahawia. Lakini ndege yangu ina mabawa! Tumeyafunga Jumanne, mimi, Delmar na ndugu wawili kutoka kwenye chama chetu cha wajenzi. Bolti zako nane, nne upande huu na nne upande ule, zimeingia kwenye matundu kama zilizaliwa humo. Nimekaza kwa spana ya kipimo, Delmar akinisomea namba, na kila nati nimeipaka doa la rangi ya njano. Njano maana yake kazi imekwisha na hakuna mkono wa mtu utakaoigusa tena. Ndiyo sheria yetu.

Delmar alicheka sana pale uliposema jibini na mkate. Anasema unanijua.

Ameuliza chupa za Harlan ziko wapi. Unamkumbuka Harlan Tveit, aliyekuwa anakuletea pipi za mnanaa? Unajua alianguka mwaka sabini na tisa, lakini mengine hatukukuambia. Bawa la kushoto lilikunjika angani, ndege ikaingia kwenye mahindi. Mkewe aliniomba mimi nikaokote mabaki, hakutaka mgeni ayaguse. Bolti zake nilizileta nyumbani nikaziweka kwenye chupa mbili, vifuniko nikavipaka rangi nyekundu. Kila mjenzi hapa ana chupa ya namna hiyo. Bolti iliyopita kwenye ajali haifungwi tena kwenye ndege maishani. Unaitumia kujaribia matundu tu, unaichomoa, inarudi chupani. Na usidhani utaitambua kwa macho. Inafanana na nzima kama pacha. Kwa hiyo kwangu kifuniko ndicho kinachosema, bolti yenyewe haisemi kitu.

Nimemwambia Delmar umezitupa kwenye takataka pamoja na vifuniko. Umefanya vizuri. Ningepaswa kuzizika na mwenyewe.

Baba


Marquette
14 Julai 1988

Baba mpendwa,

Nimefurahi kwamba mabawa yamefungwa. Hongera.

Nina maswali ya kijinga, univumilie. Hivi bolti ikishapakwa njano, haiwezekani kabisa kuifungua? Mathalani mtu akitaka kuangalia tu, kuhakikisha. Na hiyo iliyopita kwenye ajali hakuna chombo cha kuipimia? Na ikiwa mbovu, inaonyesha dalili kabla, inalegea, inapiga kelele, au vipi?

Nilikuwa nafikiri pia kwamba huna haraka. Yule mwenye duka alisema vuli. Ungeweza kuagiza bolti nyingine nane, mpya kabisa, ukazibadilisha zote kwa mkupuo mmoja, mambo yakawa mapya. Mimi ndiye nitakayeagiza. Niandikie tu namba yake.

Joto limenikosesha raha wiki hii. Na macho yako je? Herufi zako zinazidi kukua kila barua.

Wako,
Lorna


Nordahl
8 Agosti 1988

Lorna,

Nakujibu ingawa barua yako ilinichoma kidogo. Delmar anasema hayo ni maswali ya mtu mwenye hofu. Mimi nasema ni maswali ya mtu anayetaka kupanga tena kilichokwisha kupangwa. Usinifuatefuate, mwanangu. Tulianza vizuri.

Hapana, njano haifunguliwi. Kuzitoa bolti za mabawa ni kuivua ndege nzima, na ukizipiga nyundo kuzitoa unaharibu matundu ya miaka minne ya kazi. Na kwa nini nifanye hivyo, wakati nimefunga bolti mpya alizoninunulia binti yangu?

Kuhusu mbovu, haipigi kelele wala hailegei. Ina ufa mwembamba kuliko unywele, ndani, chini ya kichwa. Harlan alikuwa na saa mia mbili na kumi angani bila tatizo lolote. Asubuhi ile alikunywa kahawa kwangu. Sasa umejibiwa, tuliache hilo.

Mkaguzi wa serikali amekuja, mtu mpole, ana tochi ndogo. Alizunguka ndege saa nzima, akaangalia madoa ya njano moja moja, akanipa mkono na karatasi. Daktari wa marubani naye amenipitisha. Siku niliyopanga ni Jumamosi tarehe mosi Oktoba, saa moja asubuhi, kabla upepo haujaamka. Nataka usimame pale kwenye uzio, pale pale aliposimama mama yako mara ya mwisho niliporuka na ndege ya watu. Utakuja?

Macho yangu hayana shida. Meza ndiyo inayotikisika.

Baba


Marquette
19 Septemba 1988

[Juu ya bahasha: KWA BABA PEKE YAKE. Asipewe mtu mwingine yeyote.]

Baba,

Barua hii nimeiandika mara tano, nne nimezichana. Sasa naiandika bila kunyanyua mkono, hata ikiwa mbaya.

Usiruke. Hilo ndilo neno la kwanza, na kama utaacha kusoma hapa kwa hasira, basi ushike hilo moja. Usiruke na ndege hiyo.

Sikukununulia bolti yoyote. Zile kumi na mbili ulizozikuta ni nne zako na nane za Harlan. Vile vifuniko vyekundu mimi sikujua ni nini, nilidhani umetumia rangi iliyobaki ya ghala. Nilizungusha chupa, nikamwaga, nikapima urefu, nikaona zinalingana, nikazichanganya. Udongo niliousugua kwa mswaki ulikuwa udongo wa lile shamba. Nilijisifu jinsi zinavyong'aa, Baba! Nilipiga mluzi huku naziosha.

Kosa la kwanza lilikuwa la kutojua, na ningeweza kulala nalo. Lakini ulipoandika kwamba nimekununulia, kwamba ulitoa machozi, kwamba mimi ni kama Mama, nilijua sijanunua kitu. Nilidhani ulihesabu vibaya zamani, basi. Nikasema nikubali tu, inamdhuru nani? Miaka minne nilikuwa mtoto aliyekuzikia mke mara ya pili. Nilitaka kuwa mtoto wa zawadi, hata kwa majira haya ya joto tu.

Halafu ikaja barua ya Julai. Tangu siku ile sili vizuri. Umefunga nane kati ya kumi na mbili, na nzima zilikuwa nne. Nimepiga hesabu hiyo kila asubuhi na kila asubuhi inatoka ile ile. Hata bahati ikiwa yako yote, nne za Harlan zimo kwenye mabawa yako.

Nimeshika simu mara mbili nimpigie Delmar, nikaiweka chini. Mji mzima ungejua kabla ya ibada ya Jumapili, na sitaki ulisikie jambo hili kwa mdomo wa Delmar, uone na yeye anavyokutazama. Ndiyo maana nimeandika vile juu ya bahasha. Lisome peke yako, ukasirike peke yako, unitukane utakavyo.

Sikutarajii unijibu. Ukinyamaza nitajua umekasirika, na nitakuja hivyo hivyo, Ijumaa tarehe thelathini jioni, nitagonga mlango. Tutazitoa pamoja. Nitashika taa. Na matundu yakiharibika, nitakaa hapo miaka mingine minne nikushikie upande wa pili wa kila kitu.

Nisamehe, Baba. Usiruke.

Lorna


Nordahl
Ijumaa, 23 Septemba 1988

Mwanangu Lorna,

Barua yako imefika leo mchana. Nene! Delmar aliipima mkononi akasema hii si barua, hii ni katiba. Akanisomea maandishi ya juu, yale ya peke yake, akakohoa, akanirudishia, akajifanya anatafuta spana.

Kwa hiyo imebidi nikiri jambo ambalo nimekuficha. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili, tangu majira ya baridi. Mbali naona vizuri, mwewe akikaa juu ya ghala la Delmar namwona mpaka mdomo. Karibu ni ukungu mtupu. Barua zako zote ananisomea Delmar, na lebo zako nzuri za droo pia sijawahi kuzisoma hata moja, nilizijua kwa vidole. Kwa daktari wa marubani nilipita kwa sababu Delmar alitangulia, akanisomea zile herufi za kadi ya kusoma kwa karibu, nikazikariri kama mtoto wa kipaimara. Usinigombeze. Nitapasuliwa Novemba, nimeshaweka miadi. Nilikuficha kwa sababu nilijua utaniambia niahirishe, nami nina miaka sabini, sina vuli nyingi za kuahirisha.

Nimejaribu kuisoma barua yako mwenyewe. Nimeipeleka uani kwenye jua, bado iko ndani ya bahasha, nikajaribu kwanza jina langu lililoandikwa juu, sikuliona. Maandishi yako ni madogo kama mbegu za haradali, sawa na ya mama yako. Delmar akasema, "Alvin, nifungue? Nitasahau papo hapo." Nikamwambia hapana. Ameandika peke yangu, basi ni peke yangu.

Unajua, nimeliwaza hili tangu ilipofika. Mwaka ule wa nguo za mama yako uliniambia "Baba, nisikilize kidogo," ukalisema mlangoni na mkoba mkononi, nami nikawasha mashine ya kusaga chuma ili nisikusikie. Safari hii nataka nifanye kama ulivyoomba. Utakapokuja wiki ijayo tutakaa mezani na kahawa, nitaifungua kwa kisu, nitakupa, utanisomea mwenyewe mpaka mwisho. Sitakukatiza. Ikiwa ni habari za lile kopo la vifungo, nilikwisha kukusamehe zamani, niliona tu haya kusema.

Sasa siri ya pili. Siwezi kungoja tarehe mosi. Redio inasema kesho asubuhi anga litatulia kama maziwa kwenye bakuli, halafu wiki nzima ni upepo na mvua, ile tuliyoililia tangu Mei. Na nisikufiche, nataka mara ya kwanza nitetereke bila wewe kuniona. Nitazunguka uwanja mara tatu tu, nitatua, nitafuta jasho. Ukija tarehe mosi utadhani nimezaliwa nikiruka. Delmar atasimama kwenye uzio mahali pako.

Barua hii nitaitia sandukuni tukielekea uwanjani. Yako nimeitia kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto, na kifungo nimekifunga. Delmar ananicheka, anasema niko kama kijana aliyeandikiwa na mchumba.

Leo jioni nimekaa kwenye kiti cha ndege kidogo, mlango wa gereji ukiwa wazi. Ukikaa pale, mabega yako yanakuwa katikati kabisa ya mahali mabawa yanapoanzia. Nilinyoosha mikono nikagusa nati zako, huku nne na huku nne. Imara, mwanangu. Sijawahi kuwa na bolti nzuri kama hizi.

Njoo na ile keki ya tufaha.

Baba